Mwanza na watoto wadogo: Saanane, Bujora, Ukerewe au Ndabaka?

Wiki mbili kabla ya likizo ya Juni, na tena kabla ya ile ya Desemba, simu yangu huanza kulia. Leo ni dada yangu wa Kahama, kesho shemeji wa Tabora. Swali ni lile lile: "Tunakuja Mwanza, watoto hawajawahi kuliona ziwa. Tuwapeleke wapi?"

Naishi Buzuruga na nimeshapokea wageni wengi kutoka stendi ya Nyegezi, wengi wao wenye umri chini ya miaka minane. Nimekosea pia. Kuna mwaka niliwapitisha watoto watatu sehemu tatu kwa siku moja, nikajiona mwenyeji hodari. Usiku tukamwuliza mdogo wao kitu gani kimemfurahisha. Akasema ni yule ndege mkubwa mwenye upara aliyekuwa anachokonoa takataka kando ya barabara. Korongo wa jalalani, ambaye sikumlipia hata senti tano!

Tangu hapo nimeacha kuuliza ni wapi pazuri, maana pote ni pazuri. Nauliza mtoto atakuwa katika hali gani saa nane mchana.

Ninavyopima

Njia naipima kwa muda ambao mtoto atakaa sehemu moja bila ruhusa ya kushuka. Kilomita hazinisaidii sana hapo. Halafu naangalia kile anachokiona mtoto mwenyewe, kwa urefu wake na macho yake, siyo kile mama yake atakachokipiga picha. Cha tatu ni chakula, choo na usingizi, ambavyo nimevifunga pamoja kwa sababu kimoja kikiharibika vyote vinafuata. Cha nne ni mfuko. Cha mwisho ni hatari za maji, jua na wadudu.

Nimechagua sehemu nne ambazo wageni wangu huzitaja zaidi: kisiwa cha Saanane pamoja na mji wenyewe, makumbusho ya Bujora, kisiwa cha Ukerewe, na Serengeti kupitia geti la Ndabaka. Rubondo nimeiacha makusudi. Ni kisiwa cha ajabu, lakini safari yake sijaona inavyowezekana ukiwa na mtoto wa pampasi.

Saanane na mjini

*Njia.* Boti za Saanane zinaondokea Capri Point, kwenye ofisi za hifadhi. Ukitoka katikati ya mji, bajaji inakufikisha kabla mtoto hajamaliza juisi yake. Majini ni dakika kama kumi. Mtoto anapata kupanda boti, na wewe hupati muda wa kujuta.

*Anachokiona mtoto.* Saanane ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 ukihesabu na maji yake. Mtu mzima anaweza kuiona kama ua wa nyumba. Kwa mtoto wa miaka minne udogo huo ndio raha yenyewe. Hakuna gari, mnatembea kwa miguu, na yeye anatangulia mbele kama kiongozi wa msafara. Pimbi wanaota jua juu ya mawe, mijusi kafiri yenye vichwa vyekundu inapiga pushapu, swala pala wanakula majani bila haraka, na tumbili wanakadiria thamani ya mfuko wako wa chakula. Nilipomwambia mpwa wangu kwamba pimbi ana undugu na tembo, alinitazama kwa huruma: "Mjomba, huyu ni panya tu." Tulibishana mpaka tunapanda boti ya kurudi, na hadi leo hajakubali.

Wakubwa kidogo wasimulie habari ya jina. Mzee Saanane Chawandi alikuwa mvuvi na mkulima aliyeishi pale kabla kisiwa hakijafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964. Kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013. Ila usimwahidi mtoto tembo wala twiga, maana hawapo, na mtoto aliyeahidiwa tembo haoni swala hata akisimama mbele yake.

Nusu ya siku iliyobaki inajijaza. Jiwe la Bismarck, lililopewa na Wajerumani jina la kansela wao, linatazamwa kutoka ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga. Watoto hulimaliza kwa dakika tano, kisha wanataka kupanda mawe yaliyo karibu. Hapo ndipo ninapowatolea siri ya mwenyeji. Nunua tiketi ya kivuko, vuka mpaka Kamanga upande wa Sengerema, kunywa soda, rudi. Ni kama nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, pamoja na malori, pikipiki, mbuzi na kuku. Nimeona watoto wakiisahau Saanane yote kwa sababu ya lori lililoingia kivukoni kinyumenyume.

Kwenye mzunguko wa mnara wa saa kuna maandishi kwamba Speke aliliona ziwa akiwa kilima cha Isamilo tarehe 3 Agosti 1858. Mtoto mmoja wa darasa la pili aliuliza, kwani wavuvi walikuwa hawalioni?

*Chakula, choo, usingizi.* Hapa ndipo mji unapolishinda pori. Kisiwani nenda na chakula chako na maji ya kutosha, lakini mkirudi mjini kila kitu kipo. Anayesinzia anarudishwa nyumbani, wengine wanaendelea. Kwa samaki, mdogo mpe sangara, kwa sababu mnofu wake ni mnene na miiba yake inaonekana. Sato ni mtamu zaidi, ila mchambulie wewe mwenyewe kwa vidole.

*Mfuko.* Kiingilio na boti vinalipwa. Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio kwenye hifadhi za taifa, na Mtanzania analipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini, kwa hiyo kumbuka kitambulisho. Weka pesa kwenye simu au kadi, malipo ni kwa kontroo namba na siyo noti mkononi. Kamanga ni nauli ya kawaida ya abiria.

*Hatari.* Mawe. Ikifika saa sita yanachoma kama kikaango, na mtoto mwenye ndala za kuteleza ni balaa. Mvalishe viatu vyenye kamba, na kigari cha mtoto kiache nyumbani, mbeleko ya kanga inatosha. Boti panda asubuhi, kwa sababu mchana upepo wa ziwani huongezeka na mawimbi nayo.

*Inamfaa nani.* Mwenye siku moja tu, mwenye mtoto anayelala mchana, na mwenye watoto wa umri tofauti wasiokubaliana jambo lolote.

Bujora

*Njia.* Ni Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Daladala za Kisesa zipo, na kutoka barabara kuu unapanda kilimani kwa bodaboda au kwa miguu kama hakuna wa kubebwa. Wenye gari wanafika bila taabu. Ugumu pekee ni daladala iliyojaa asubuhi ukiwa na watoto wawili mapajani. Subiri saa tatu ipite.

*Anachokiona mtoto.* Watu husema makumbusho ni ya wakubwa. Kwa makumbusho ya vioo na maandishi, sawa. Bujora siyo hivyo. Ilianzishwa miaka ya 1950 na padre Mkanada, David Clement, aliyekusanya vitu vya Wasukuma na kujenga majengo yenye umbo la vitu hivyo hivyo. Jengo moja limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Kuna nyumba za asili za msonge, nyumba ya mhunzi, ya mganga, na ngoma. Ngoma nyingine ni kubwa kuliko mtoto. Kanisa nalo limejengwa kwa mtindo wa nyumba ya Kisukuma, na ndani yake kiti cha enzi na ngao vimepata kazi mpya.

Mtoto anaingia nyumba ya msonge akiinama kidogo tu wakati baba yake anagonga kichwa. Hiyo peke yake ni kichekesho cha siku. Kwa watoto wetu wa mjini wanaojua Kisukuma cha kusalimia tu, "mwangaluka" na basi, Bujora huwafungua midomo: bibi alilala humu? Moshi ulitokea wapi? Ng'ombe walikaa wapi? Ukija na bibi mwenyewe, mwongozaji atapumzika, kwa sababu bibi atashika usukani. Mama yangu aliona jembe la zamani pale, akaanza kuimba wimbo wa kulimia, na watoto wote wakamfuata mstarini wakilima hewa. Sijapata kuona kitu kama hicho Saanane.

Ukija Juni, baada ya sikukuu ya Ekaristi, unaweza kuangukia Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, makundi mawili yanaposhindana, Bagika upande huu na Bagalu upande ule. Bugobogobo ya majembe wataipenda. Ngoma ya chatu inategemea mtoto. Wa kwangu alipanda shingoni mwangu na hakushuka mpaka Igoma. Siku za kawaida kijiji kinaweza kuwa kimya kabisa, kwa hiyo kama mnataka ngoma, wasiliana nao mapema waandae, na mjue mtalipia.

*Chakula, choo, usingizi.* Pana miti na kivuli, na mtoto analala kwenye mkeka bila matata. Chakula kibebe au kula Kisesa. Sisi hubeba michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa. Yanakaa siku nzima bila kuharibika na yanamshughulisha mtoto mdomo.

*Mfuko.* Kati ya hizi nne, Bujora na kivuko cha Kamanga ndivyo vinavyoumiza kidogo zaidi. Bei inapanda ukiagiza kikundi cha ngoma, na hapo ni busara kuungana na familia nyingine.

*Hatari.* Karibu hakuna. Omba ruhusa kabla mtoto hajagusa vitu, vingine vina heshima yake. Na saa moja na nusu inatosha kwa wa miaka mitatu. Ukimlazimisha amalize maelezo ya koo zote za watemi, utamaliza wewe peke yako.

*Inamfaa nani.* Familia inayosafiri na babu au bibi, watoto wa kuanzia miaka mitano, na mzazi anayeogopa maji.

Ukerewe

*Njia.* Hapa ndipo panapochuja watu. Meli kutoka Mwanza hadi Nansio huchukua saa tatu au zaidi, na hakuna kurudi siku hiyo hiyo kwa raha. Unaweza pia kuzunguka kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, uvuke kwa kivuko mpaka Rugezi. Njia hiyo ina maji kidogo na vumbi zaidi.

Saa tatu za meli si saa tatu za basi, lazima niseme hilo. Mtoto anatembea, anachungulia, anahesabu visiwa, anapata rafiki wa benchi la pili. Saa ya kwanza ni furaha. Ya pili ni njaa. Ya tatu inategemea mawimbi.

*Anachokiona mtoto.* Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya ziwa barani Afrika, kwa hiyo ukifika huoni kisiwa, unaona wilaya nzima: baiskeli, miti ya michungwa, mashamba ya mihogo, mitumbwi, dagaa walioanikwa. Hakuna "kivutio" cha kukata tiketi mlangoni. Kwa mtoto anayehitaji kitu cha kuonyeshwa kwa kidole, siku inaweza kuwa ndefu. Mtoto anayeridhika na kokoto na maji, pamoja na ng'ombe wanaokuja kunywa, hatataka kuondoka. Jiwe linalocheza la kisiwa cha Ukara ni maarufu, lakini ni kivuko kingine juu ya kivuko. Mimi ningelisubiri mpaka mdogo afike darasa la tatu.

*Chakula, choo, usingizi.* Samaki wabichi, machungwa, usiku wenye utulivu. Kwenye meli beba chakula, maji, pampasi mara mbili ya unavyodhani, na nguo moja ya mtoto kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye begi lililofungwa chini.

*Mfuko.* Nauli si kubwa, malazi ya Nansio kwa kawaida ni nafuu kuliko ya Mwanza. Kinachoongeza gharama ni usiku wenyewe. Siku moja inakuwa mbili, mara nyingine tatu meli ikibadilisha ratiba.

*Hatari.* Sisi wa Mwanza hatuzungumzii ziwa kwa mzaha. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na makaburi ya waliopotea yako Igoma, unayapita ukienda Bujora. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa watu zaidi ya 200. Sisemi msipande. Nasema meli ikijaa, shukeni, hata kama tiketi imeshalipiwa. Ulizia jaketi okozi la saizi ya mtoto, na lijaribuni mkiwa bado gatini. Mitumbwi ya kukodi kwa kupunga upepo na watoto, mimi siipandi.

Halafu kuna kichocho. Konokono wanaokibeba hupenda maji ya pembeni yaliyotulia, kwenye majani na matete, pale pale mtoto anapotaka kuchezea. Hili ni la ufukwe wote wa ziwa, hata mjini. Kama watoto wamekuja na nguo za kuogelea, watafutie hoteli yenye bwawa. Ziwa walitazame.

*Inamfaa nani.* Mwenye siku nne au zaidi, mwenye ndugu kisiwani, na familia ambayo imechoka na ratiba.

Ndabaka, Serengeti

*Njia.* Geti liko kando ya barabara ya Musoma, mbele ya Lamadi, kama kilomita 140 kutoka Mwanza. Lami mpaka getini, saa mbili hivi. Safari halisi inaanza baada ya hapo, kwa sababu ndani ya hifadhi hushuki kwenye gari unapotaka. Ukiondoka Mwanza saa kumi na moja alfajiri na kutoka getini jioni, mtoto amekaa ndani ya gari siku nzima.

*Anachokiona mtoto.* Pundamilia, twiga, nyumbu, nyani, wa kweli kabisa. Hakuna sehemu nyingine kati ya hizi itakayokupa sura ile ya mtoto anayemwona twiga kwa mara ya kwanza akivuka barabara. Juni huwa na bahati zaidi, makundi ya nyumbu yanapopita upande huu wa magharibi, na Mto Grumeti, upande wa Kirawira, una mamba wakubwa. Lakini kati ya mnyama na mnyama kuna nyasi, na nyasi nyingi. Wa miaka saba ataziangalia akitafuta simba. Wa miaka miwili atataka kushika usukani. Na mnyama aliye mita mia mbili, unayemwonyesha "pale, pembeni ya ule mti," mtoto mdogo hamwoni. Anaitikia tu ili usinung'unike.

*Chakula, choo, usingizi.* Choo ndicho kinachoamua. Huwezi kumsogeza mtoto kwenye kichaka, kichaka kina wenyewe. Beba poti na mfuko wa kufunga uchafu, na tumia kila choo mnachokutana nacho hata kama wote wanasema hawajabanwa. Usingizi, kwa upande mwingine, si tatizo. Gari linatikisa, wanalala, na simba anapita wakiwa wamelala.

*Mfuko.* Ndiyo ghali kuliko zote. Gari la kukodi lililoinuka, mafuta, viingilio vya watu na vya gari. Familia mbili zikigawana Land Cruiser moja, hesabu inaanza kueleweka. Wa chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio, lakini kiti chao garini kinalipiwa kama cha mwingine.

*Hatari.* Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa upande huu unanasa magari, na hilo ni jambo la kufikiria Aprili. Mbung'o wapo, na wanavutwa na nguo za bluu iliyokolea na nyeusi. Wavalishe rangi ya khaki. Madirisha yafungwe mkikutana na nyani.

*Inamfaa nani.* Watoto wa kuanzia miaka sita, na familia ambayo bajeti yake imekusudiwa kwa siku hiyo moja kubwa.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Una siku moja na mtoto wa chini ya miaka mitatu: Saanane asubuhi, usingizi mchana, Kamanga jua likipungua. Usiongeze kitu.

Una siku mbili na watoto wa rika mchanganyiko: mji siku ya kwanza, Bujora ya pili. Kama kuna bibi, geuza, muanze na Bujora akiwa bado na nguvu.

Wakubwa wana hamu ya simba na wadogo hawawezi kukaa garini: gawanyikeni. Mzazi mmoja aende Ndabaka na wakubwa, mwingine abaki mjini. Wageni wengi hulikataa wazo hili wakisema likizo ni ya pamoja, kisha wote kumi wanapanda gari moja na wawili wanalia kuanzia Magu.

Pesa imebana: Bujora, Kamanga, na jioni ya kutazama ndege na mitumbwi ufukweni. Mwenye gari anayetokea au kurudi upande wa Geita atapita bure burudani nyingine, Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025. Ni kama kilomita 3 juu ya maji, mahali ambapo zamani tulisubiri kivuko kwa saa nzima. Watoto wahesabu nguzo.

Umechoka, hutaki kuonyeshwa chochote, na una wiki: Ukerewe, na ratiba ya meli ya kurudi uiulize siku mnayofika, siyo asubuhi ya kuondoka.

Mnakuja Aprili: ahirisha Ndabaka na muulize mwenyeji kuhusu ziwa kila asubuhi.

Na kama mwenyeji huyo ni mimi, nipigie kabla basi halijatoka Kahama. Godoro la wageni ni moja.